Malalamiko ya XEN Sahib Kuhusu Neno Lililoondolewa Ubaoni

Chaudhry Inayatullah Gondal,
XEN (Mstaafu), Idara ya Umwagiliaji,
Mtaa wa Maafisa, Sahiwal.

Kwa Katibu,
Klabu ya Skrabo,
Mtaa wa Maafisa, Sahiwal.

Ndugu Katibu Tasawwur Sahib,

YAH: KUFUTWA KWANGU MBELE YA WAKWE WATARAJIWA

Asalaam aleikum. Ni matumaini yangu kwamba u mzima, goti limepoa, na umeme kwenu unakatika kwa adabu kuliko unavyokatika kwetu. Sisi huku kiafya hatujambo. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua nyumba yako na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja tu, na kwamba ningeweza kupanda juu ya kigoda nikakuita. Nimechagua kuandika kwa sababu jambo zito huwekwa kwenye maandishi, na pia kwa sababu sisemi na wewe. Hili la pili tafadhali lichukulie kuwa ni la muda.

Nieleze kwanza yaliyotokea, ingawa ulikuwepo na kinywa chako kilikuwa kimejaa bajia. Faili likikosa maelezo ya mwanzo hurudishwa, na mimi sitaki kurudishwa mara mbili katika wiki moja.

Jumapili iliyopita mimi, mke wangu Bilqees, na wewe ukiwa mshenga, tulikwenda nyumbani kwa Daktari Mushtaq Kharal kuweka tarehe ya ndoa ya mwanangu Saqlain na binti yake Tehmina, anayefundisha kemia katika chuo cha wasichana. Posa ilikwisha kukubaliwa tangu wakati wa baridi. Kilichobaki ni tarehe tu, na sanduku la vitamutamu vya barfi na ladu tulikuwa tumelibeba, limefungwa utepe mwekundu. Binti aliingia akisukuma toroli la chai, mtandio kichwani, macho chini, kila kitu kama inavyotakiwa. Bajia zilikuwa za moto. Nikamtazama mke wangu kumwonyesha kwamba nimeridhika, naye akashusha pumzi.

Hapo umeme ukakatika. Daktari, masikini, kwa nia njema kabisa, akasema, "XEN Sahib, nasikia wewe ni bingwa wa skrabo. Na huyu binti yangu naye ana wazimu huohuo. Hebu chezeni kidogo mpaka feni zirudi." Ubao wa kupangia maneno ya Kiingereza ukaletwa ukawekwa karibu na dirisha. Binti akaketi mbele yangu. Macho yake hayakuwa chini tena.

Sitaki kuonekana mtu wa kulalamikia kushindwa. Nasema tu kwamba mimi nilikuwa najenga na yeye alikuwa ananing'iniza vijineno kwenye kuta zangu. Mimi nilipanga neno la mfereji, CANAL, zuri, limenyooka, lenye heshima zake. Yeye akachomeka Z pembeni ya A yangu ikawa ZA, akaokota alama nyingi kuliko mimi. Nikapanga neno la daraja, BRIDGE. Yeye akaweka QI. Nikamuuliza kwa upole, "Binti, QI ni nini?" Akasema, "Ni nguvu ya uhai, ya Kichina." Nikauliza, "Na ZA?" Akasema, "Kipande cha piza." Katibu, nimekaa na Wachina miezi kwa miezi kwenye mradi wa mageti ya maji, na nguvu zao za uhai nilikuwa naziona kila siku wakila, lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba zinaandikwa hivyo.

Kisha Mungu akanipa X.

Nikaipanga, X na E na N, XEN, juu ya kisanduku chekundu, kile kinachozidisha mara tatu. Nikaegemea kiti. Wewe mwenyewe ulitikisa kichwa kwa kuvutiwa, usikatae, nilikuona. Halafu yule binti akasema kwa sauti nyororo kabisa, "Samahani, XEN Sahib. Napinga."

Naomba usome tena maneno hayo polepole. Aliniita XEN Sahib, halafu akasema hakuna kitu kama XEN, katika pumzi moja, kabla mimi sijameza chai.

Na wewe, jirani yangu, mtu uliyepata maji ya bustani yako kwa kalamu yangu, ukatia mkono ndani ya koti (koti, katika joto la Juni!) ukatoa ile orodha yako ya maneno. Ukalamba kidole. Ukafunua. Ukasema, "Hapana, Gondal Sahib. Halipo." Na kwa vidole vilevile vyenye mafuta ya bajia ukaziondoa herufi zangu tatu, moja baada ya nyingine, ukanirudishia kana kwamba nilizisahau msikitini.

Nikasimama. Nikamwambia Daktari, "Tutafikiria, tutawajibu." Wewe unajua, mimi najua, na kila mwenye mtoto wa kuozesha katika Punjab nzima anajua maana ya "tutawajibu". Mama wa binti akaketi chini ghafla. Halafu nikalichukua sanduku la barfi na ladu, utepe wake haujafunguliwa, nikaondoka nalo mpaka garini. Mke wangu anasema afadhali ningevunja kioo cha dirisha.

Malalamiko yangu rasmi ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu neno XEN. Kila mtoto wa mkoa huu anajua kwamba XEN ni Mhandisi Mtendaji wa mifereji, Executive Engineer. Usiniulize Waingereza walilifupishaje mpaka X ikatangulia mbele. Walitupa hivyo na sisi tukapokea, kama tulivyopokea reli na mchezo wa kriketi. Kwa cheo hicho nimefungua maji na kufunga maji. Wakulima wamelala mlangoni kwangu wakilitaja. Kibao cha getini kwangu kinasema XEN, na barua zilizoandikwa "XEN Sahib, Sahiwal" hunifikia bila anwani nyingine. Mwizi aliyeiba pampu yetu mwaka juzi aliacha kijibarua cha kumwomba radhi XEN Sahib. Mke wangu ananiita XEN Sahib. Wanangu wananiita XEN Sahib tangu walipojua kusema. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniita Inayat mpaka siku nilipopandishwa cheo, na kuanzia siku hiyo naye akawa anasema, "Mpelekeeni XEN Sahib maziwa." Sasa naambiwa kwamba watu wote hao, mwizi akiwemo, wamekuwa wakipiga kelele zisizo na maana.

2. Kuhusu maneno mengine yenye X. Nimeazima orodha yako kupitia mtumishi wako bila wewe kujua, na nimeichunguza. AX lipo, yaani shoka. OX lipo, yaani dume la ng'ombe. XI lipo, herufi ya Kiyunani. XU lipo, sarafu ya huko Vietnam ambayo sidhani kama hata wao wanayo mfukoni. ZAX lipo, ni kifaa cha kukatia vigae vya mapaa. EX lipo! EX, Katibu, maana yake ni mtu aliyekuwa kitu zamani. Kwa hiyo kulingana na klabu yako, mimi ninaruhusiwa kuwa niliyekuwa, ila siruhusiwi kusema nilikuwa nani.

3. Kuhusu kelele. Orodha hiyohiyo inakubali HM, MM, SH na ZZZ. Nimezisoma kwa sauti mezani ili familia ione upuuzi wake. Mke wangu akasema hayo ni maneno halisi kabisa, ndiyo anayoyatumia yeye kila ninapoeleza mambo ya mageti ya maji. Hakuna aliyecheka isipokuwa watu wote.

4. (Namba nne imefutwa kwa sababu mke wangu ameisoma.)

5. Kuhusu vifupisho kwa jumla. Nchi hii, ndugu yangu, imejengwa kwa vifupisho. Mtu anazaliwa, anatafuta BA, akiwa na bahati anapata MA, anaingia kazini chini ya SDO, afisa wa kitengo, anafanywa XEN, anatamani kuwa SE, mkubwa wa XEN, anastaafu kabla hajakuwa SE. Hayo ndiyo maisha. Nilifurahi kuona BA imo katika orodha, nikasema angalau wasomi wamekumbukwa. Kumbe BA hiyo ni roho ya Wamisri wa kale. MA imo pia, lakini ni mama wa mtu. Nimeikubali ZO, kwa kuwa nimemwona mnyama huyo wa milimani kwa macho yangu kule Skardu, nusu ng'ombe, akitafuna kofia yangu. Ninachouliza ni kwa nini mla kofia awe na nafasi na mwenye kofia asiwe nayo.

6. Kuhusu ushahidi. Usije ukadhani kwamba XEN ni neno nililolibuni Jumapili kwa tamaa ya kisanduku chekundu. Katika utumishi wangu wote nimecheza skrabo katika kila nyumba ya mapumziko ya idara, kuanzia Balloki mpaka Sulemanki, na maafisa wa chini yangu, wasimamizi, na makarani. Nimelipanga neno XEN mara zisizo na idadi. Halikupingwa hata siku moja. Si hilo tu: sikuwahi kushindwa mchezo hata mmoja. Sikuwahi, Katibu! Watu waliosoma Lahore, watu waliosoma mpaka chuo cha wahandisi cha Roorkee ya zamani, wote niliwashinda, na wakati mwingine walishangilia wao wenyewe kabla yangu. Je, inawezekana watu wote hao walikuwa wajinga, na mwenye akili ni msichana mmoja wa kemia? Nimemwita aliyekuwa karani wangu mkuu, Munshi Allah Ditta, aje kesho atoe ushahidi wa maandishi, nami nitauambatanisha.

7. Kuhusu madhara nyumbani. Tangu Jumapili tunakula dengu. Asubuhi dengu, mchana dengu, jioni dengu ileile ikiwa imepata chumvi. Nilipouliza nyama iko wapi, mke wangu akasema, "Nimetazama kwenye orodha, XEN Sahib. Haipo." Nikamwambia hili si jambo la mzaha. Akasema, "Sawa. Basi uniambie, kijana wetu anaoa mtu au anaoa ubao?" Kisha akaenda kumpigia simu dada yake aliye Multan, akaongea naye kwa sauti ambayo hata wewe upande wa pili wa ukuta lazima uliisikia.

Saqlain ndiye anayenisumbua zaidi, kwa sababu hapigi kelele. Wewe unamjua kijana huyu. Ni daktari wa mifugo, ng'ombe wanamwelewa kuliko watu, hajawahi kunipinga tangu utotoni. Jana alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma, akasema, "XEN Sahib, mimi nilimpenda kabla hajakupinga." Nikangoja aendelee. Akasema, "Sasa nampenda zaidi," akaenda zake kuzalisha nyati wa kufugwa. Amekonda. Shati lake la bluu linamning'inia. Mimi ni baba, naliona hilo, na silifurahii. Lakini ningefanyaje? Klabu ndiyo iliyoanza.

8. Kuhusu matokeo ya baadaye, ambayo naona hukuyafikiria ulipokuwa unalamba kidole. Binti huyu akija kwangu kama mkwe, ataingia kwa geti lenye kibao ambacho yeye mwenyewe alikwisha kutoa hukumu kwamba hakina maana. Leo amekataa XEN. Kesho nitasema chai ni baridi, naye atasema anapinga. Keshokutwa nitapata mjukuu, nitamwambia, "Babu yako alikuwa XEN," na mtoto atakwenda kwa mama yake, na mama yake atafungua orodha. Mtoto atakua akijua kwamba upande wa baba hakuna babu, kuna pengo tu la herufi tatu.

Wala haliishii hapo. Ikiwa XEN si neno, basi amri zote nilizotia sahihi kama XEN hazikutiwa sahihi na mtu yeyote. Ikiwa hazikutiwa sahihi, basi mageti yalifunguliwa kinyume cha sheria. Ikiwa mageti yalifunguliwa kinyume cha sheria, basi ngano yote iliyonyweshwa katika wilaya hii kwa miaka yangu ni ya magendo. Chapati uliyokula asubuhi ya leo, Tasawwur Sahib, imetokana na mbegu ya ngano hiyo. Nakushauri uitafakari.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Neno XEN liingizwe katika orodha kwa mkono wako, kwa wino usiofutika, na pembeni utie muhuri wa klabu. Najua klabu haina muhuri. Utengenezwe.

(b) Maneno ya herufi mbili yapigwe marufuku katika michezo yote baina ya watu wanaotaraji kuwa ndugu. Baina ya maadui yaruhusiwe.

(c) Binti Tehmina, mbele ya mashahidi walewale na ikiwezekana bajia zilezile, alipange neno XEN ubaoni kwa mkono wake, kisha asipinge.

(d) Yakishindikana hayo, harusi itabaki pale ilipo, yaani haipo, nami nitakata rufaa mpaka kwa hao wenye orodha huko Uingereza, ambao nitawakumbusha kwamba neno hili ni lao na walilisahau hapa walipoondoka.

Nakuhakikishia kwamba nayaandika haya bila hasira. Kalamu imetoboa karatasi kwa sababu ya joto.

Mpe salamu shemeji, mwambie achari ya maembe aliyotuletea imetufaa sana pamoja na dengu. Wasalimie watoto wako wote walioko Karachi watakapopiga simu. Msalimie fundi wako wa bustani. Msalimie hata yule mbwa wako, ambaye kwa kweli hana kosa katika jambo hili. Wasalimie wajumbe wote wa kamati kwa majina yao na kwa vyeo vyao, hasa vyeo vyao, kwa kuwa hatujui ni lini navyo vitatafutwa kwenye orodha visionekane.

Nabaki, pamoja na yote, jirani yako mtiifu,

Ch. Inayatullah Gondal,
XEN (Mstaafu)

Nakala: Daktari Mushtaq Kharal (aisome akiwa amekaa), Saqlain (kwa taarifa), Bilqees (amekwisha kuisoma).

Baada ya kutia sahihi:

Barua hii ilikuwa tayari imefungwa. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, ndiyo maana kona imejikunja.

Munshi Allah Ditta alikuja leo kama nilivyomwita, na kikapu cha maembe. Nikampa karatasi na kalamu. Nikamwambia nataka aandike kwamba XEN lilikubaliwa siku zote katika nyumba za mapumziko. Akasema, "Bila shaka, Sahib. Wewe andika chochote, mimi nitatia sahihi."

Nikamwambia, "Munshi, nataka ukweli."

Akauliza, "Ukweli upi, Sahib?"

Nilidhani hajasikia. Nikamweleza upya, habari ya binti, habari ya orodha, habari ya kuondolewa ubaoni. Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Kisha kwa kutaka kunifariji, ndugu yangu, kwa kutaka kunifariji tu, akasema, "Huyo binti hana adabu, Sahib. Sisi lini tulikupinga? Hata siku ile kule Sulemanki, ulipozipanga herufi zote saba na ndani yake hakukuwa na irabu hata moja, tulikupigia makofi. Msimamizi Rafaqat akasema hilo ni neno la kisayansi."

Nikamuuliza kwa nini hawakusema.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanatelemka. "Sahib," akasema, "ulikuwa XEN."

Alipoondoka nililala kitandani na viatu miguuni, jambo ambalo Bilqees haruhusu. Hakunikemea. Iliniuma, Tasawwur, sitakuficha. Niliyafikiria makofi yale. Nilifikiria kila chai ambayo watu waliisifu kabla sijaionja, na kila shairi langu lililowaliza machozi wasimamizi wa mifereji. Maisha yangu yote nimejiona mchezaji, na kumbe mchezo wangu wa kwanza nimeucheza Jumapili iliyopita, na mvi hizi. Na nilikuwa nashindwa! Na kabla ya ile X, nikiwa mkweli, nilikuwa nafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi.

Basi nikavaa kofia. Nikapitia dukani, nikanunua sanduku jipya la barfi na ladu, kwa sababu lile la kwanza nimelimaliza mwenyewe kwa hasira. Nikaenda kwa Daktari Kharal bila kumwambia mtu, ubao wangu kwapani. Daktari alipofungua mlango akabadilika rangi. Nikamwambia nimekuja kucheza mara moja tu na binti yake, kama hatajali. Mama yake akasimama nyuma ya pazia, namsikia anavyosoma dua.

Tehmina akaketi. Macho yalikuwa mekundu, nadhani alikuwa amelia siku hizi, na hilo nalo nimelibeba. Nikachukua herufi. Sikuomba bahati; nilizitafuta ndani ya mfuko kwa mkono wangu nikizitazama waziwazi, nikazitoa nilizozitaka. Nikazipanga katikati ya ubao: XEN.

Daktari akakohoa. Nyuma ya pazia dua ikasimama. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa anajua kilichokuwa juu ya ulimi wa binti yule: ni harusi yake, ni kijana wangu aliyekonda. Angenyamaza tu, yangekwisha. Angetabasamu na kusema, hongera. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba kimoyomoyo asije akasema hongera.

Akautazama ubao. Akanitazama mimi, nikaona anaogopa. Kisha akanyoosha kidole, akazisogeza herufi zangu zote tatu kuelekea kwangu, taratibu, asije akaziangusha.

"Baba," akasema, "neno hilo halipo."

Nikamwambia arudie, sikusikia vizuri.

Nilikuwa nimesikia, Katibu. Nilitaka tu aseme tena.